Mwenyeji ni Nani? Maoni juu ya Wasifu wa Siti binti Saad

Msomaji mpenzi, yako maneno ambayo ni mepesi kutamka lakini ni mazito kupima, na neno "mwenyeji" ni mojawapo. Mwanafunzi aliyezaliwa katika kijiji karibu na Mumias akiulizwa kwao ni wapi, naye yuko sokoni Mumias, atataja jina la kijiji. Akiulizwa Nairobi, atataja Mumias. Akiulizwa Kampala, atasema kuwa yeye ni Mkenya. Na akiulizwa London, huenda akasema kuwa ni Mwafrika, akaona yatosha. Amejibu mara nne, na majibu yote manne ni ya kweli. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali alipoulizwa na mtu aliyemwuliza. Basi yafaa tujiulize: uenyeji hukaa wapi? Je, umo ndani ya mtu kama kokwa ndani ya embe, au hufanywa na watu wamzungukao?

Nataka tulichunguze swali hilo kwa msaada wa kitabu kimoja ambacho pengine umekwisha kukisoma, nacho ni Wasifu wa Siti binti Saad, kilichoandikwa na Shaaban Robert. Wengi hukisoma kama habari za mwimbaji aliyejaliwa sauti njema. Mimi naona kuwa ndani yake mna swali kubwa kuliko uimbaji, na kwamba mwandishi amelijibu nusu. Sikutaki ukubali maoni yangu kabla ya kuyapima. Kazi ya mhakiki ni kumpa msomaji mwenziwe sababu ya kukifungua kitabu mara ya pili.

Kwanza tuzikumbuke habari zenyewe. Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka wa 1880. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua. Walikuwa watu maskini, walioishi kwa kulima na kufinyanga vyungu. Mtoto wao hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Alipokua alijifunza ufinyanzi, akawa akijitwika vyungu na kuvitembeza kwa miguu, huku akivinadi kwa sauti ambayo yasemekana ilifika majumbani kabla yake. Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfundisha mambo ya uimbaji, na baadaye akaimba pamoja na mafundi kama Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban. Mwaka wa 1928 alivuka bahari hata Bombay, Bara Hindi, ambako sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri. Sahani hizo zikasikika mwambao mzima na kupenya hata bara. Alikufa mwaka wa 1950, na jina lake lingali hai.

Hebu tusimame hapa kwenye majina. Mtoto wa Fumba aliitwa Mtumwa. Mwimbaji wa mjini aliitwa Siti, neno la heshima lenye asili ya Kiarabu, ambalo maana yake ni bibi mwenye cheo. Baina ya majina hayo mawili koo ni lile lile, mikono ni ile ile iliyokanda udongo, na wazazi ni wale wale. Kama uenyeji ungekuwa kokwa ndani ya embe, jina moja lingetosha. Lakini jina la kwanza alipewa na hali iliyokizunguka kitanda alichozaliwa, na la pili alipewa na hali iliyolizunguka jukwaa aliloimbia. Majina yote mawili yatueleza habari za Unguja kama yanavyotueleza habari za mwanamke huyu.

Wazee wetu walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Ni methali nzuri, na walimu hupenda kuiandika ubaoni. Walakini jaribu kuisoma mbele ya mtoto wa Fumba. Asili aliyoambiwa asiiache ndiyo iliyompa jina la Mtumwa. Angeishika asili hiyo jinsi jirani zake walivyoifahamu, angebaki nayo mpaka kaburini. Kwake yeye methali ilikuwa imegeuzwa juu chini: aliyebaki ndiye mtumwa, na aliyeondoka ndiye aliyepata kuitwa Siti. Sisemi kuwa methali ni ya uwongo. Nasema kuwa ilitungwa na mtu ambaye asili yake ilimheshimu. Kila methali ina kiti ambacho aliyeitunga alikalia, na msomaji mwerevu hukitafuta kiti hicho kabla ya kuitikia.

Sasa tuutazame wakati aliokulia Siti, kwa kuwa bila wakati huo hatuwezi kumwelewa. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja ilitolewa na Sultani Hamoud bin Muhammed mwezi wa Aprili mwaka wa 1897, Siti alipokuwa kijana. Usidhani kuwa asubuhi iliyofuata kila mtumwa aliamka huru. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mbele ya mahakama kuudai, na bwana wake alilipwa fidia. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka wa 1909. Tena palikuwa na sharti jingine linalotuhusu zaidi: aliyepewa uhuru alipaswa kuonyesha kuwa ana makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe kuwa mzururaji. Pima maneno hayo. Mtu ambaye wazee wake walinyang'anywa kwao, wakaletwa kisiwani kwa nguvu, aliambiwa siku ya uhuru wake, "Tuonyeshe kwako ni wapi." Sheria ilifungua mlango wa gereza, kisha ikauliza mbona mfungwa hana nyumba.

Watu waliotoka katika hali hiyo walimiminika mjini kutafuta kazi na mahali pa kuishi. Wengi walikaa ng'ambo ya pili ya hori, mkabala wa majumba ya mawe ya matajiri na maofisa, na mtaa huo ukaitwa Ng'ambo. Jina hilo latufundisha jambo ambalo kitabu kizima cha mantiki kisingelifundisha vizuri zaidi. Ng'ambo ya nani? Kwa mkazi wa mtaa huo, ng'ambo ni kule kwenye majumba ya mawe. Lakini mwenye nguvu ya kutaja majina alikuwa amesimama upande ule mwingine, na jina likatazama kutoka machoni pake. Siti alikuwa mkazi wa Ng'ambo. Kila alipoitwa kwenda kuimba katika majumba makubwa ya mjini alivuka kutoka upande mmoja wa neno hilo kwenda upande wa pili, na usiku akarudi.

Mavazi nayo yalikuwa na lugha yake. Zamani za utumwa mwanamke mtumwa alijulikana kwa kaniki yake na kwa kichwa kilichoachwa wazi, kwa maana kujitanda kulikuwa alama ya wanawake wa kiungwana. Baada ya amri ya 1897 wanawake wengi walitupa kaniki, wakajifunga kanga za maua, na hatimaye wakavaa buibui. Mtu wa mbali angeweza kusema kuwa huko ni kuiga tu. Mimi nasema kuwa ilikuwa hoja iliyoandikwa kwa kitambaa, na waliokuwa wakiisoma waliielewa vizuri sana.

Hapo ndipo tunapofikia uimbaji wenyewe. Taarabu iliingia katika jumba la kifalme la Unguja wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka wa 1870 mpaka mwaka wa 1888, na ilikuwa na sura ya Misri na maneno ya Kiarabu. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka wa 1905, kilikuwa cha wanaume. Basi muziki huo ulikuwa na ukuta wa lugha na ukuta wa jinsia, na nje ya kuta hizo walisimama watu wengi. Siti aliimba kwa Kiarabu pia alipotakiwa, lakini alichokumbukwa nacho ni nyimbo za Kiswahili. Mchukuzi wa bandarini, mpishi, mfinyanzi na dobi sasa waliisikia taarabu na kuielewa. Wengi husema kuwa Siti alipokewa ndani ya taarabu. Ni kweli, lakini ni kweli pia kwamba alipoingia aliuacha mlango wazi, na wengine wakaingia kwa lugha yake.

Si wote waliofurahi. Wapinzani wake walitungiwa, au walijitungia, wimbo wa kumkebehi ambao ungali ukikumbukwa. Sitaunakili hapa, yatosha nikuambie maana yake. Walimwuliza ni lini alipoingia katika hesabu ya watu, yeye aliyetoka shamba na vitambaa hafifu, ambaye pasipo sauti yake asingekuwa na cha kutia kinywani. Siti naye alijibu kwa wimbo. Alisema, kwa maana, kuwa sura ya kupendeza na nasaba kubwa si kitu. Aibu ya mtu ni kupungukiwa na akili.

Jibu hilo ni zuri, na Shaaban Robert ameliegemea kwa moyo wake wote. Kitabu chake kina nia ya kufundisha. Amsifu Siti kwa subira, kwa unyenyekevu, kwa ukarimu na kwa juhudi, na aonyesha jinsi sifa hizo zilivyomwinua kutoka katika udhalili. Yatupasa kumtendea haki mwandishi huyu. Aliandika wakati ambao maisha ya mwanamke wa Kiafrika, maskini kwa kuzaliwa, yalihesabiwa na wachache kuwa yafaa kutiwa kitabuni. Tena jambo la uenyeji halikuwa geni kwake. Wazee wake walikuwa na asili ya Wayao, lakini yeye, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka wa 1909, alijiita Mswahili, na lugha ya Kiswahili ndiyo aliyoijenga kama nyumba yake. Yamkini alimwelewa Siti kwa sababu yeye pia alijua kuwa mtu aweza kuwa na asili mahali pamoja na uenyeji mahali pengine.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na mwandishi ninayempenda. Jibu la kwamba sifa njema humfanya mtu astahili lina hatari iliyofichama. Fikiri juu ya wasichana wengine waliofinyanga vyungu Fumba katika miaka ile ile. Bila shaka baadhi yao walikuwa na subira kama ya Siti, na unyenyekevu kama wake. Walijitwika mizigo ile ile katika njia ile ile ya mchanga. Hawakuwa na sauti kama yake, na hakuna aliyewaandikia wasifu. Je, hao hawakuwa watu? Tukikubali kuwa Siti alistahili kuhesabiwa kwa sababu alikuwa hodari, tumewakubalia wapinzani wake bila kujua. Wao walisema kuwa pasipo sauti asingekuwa kitu, nasi twajibu kwa fahari, "Lakini sauti anayo!" Hatukukanusha hoja yao. Tumelipa tu ushuru walioudai.

Angalia tena swali la wapinzani: waliuliza ni lini alipopata kuwa mtu. Swali hilo lina mtego, kwa sababu ladhani kuwa utu hutolewa kama leseni, na kwamba waulizaji ndio wenye ofisi. Jibu lililo kamili lingekuwa, "Nilikuwa mtu siku niliyozaliwa Fumba, ninyi ndio mliochelewa kujua." Kitabu chalikaribia jibu hilo mara nyingi, lakini hakilitamki, kwa kuwa macho ya mwandishi yametazama zaidi sifa za aliyepanda ngazi kuliko mikono ya walioisimamisha ngazi na kuamua nani apite.

Msomaji mwangalifu atanipinga hapa. Atasema, "Kama uenyeji wategemea mahali, wakati, nguo na majina, basi si kitu cha kweli, ni kama rangi ya kinyonga." Hoja hiyo yastahili jibu. Nyumba pia hutegemea mahali, wakati, mawe na mafundi, na hapana mtu asemaye kuwa nyumba si kitu cha kweli. Anayelala nje mvua ikinyesha ajua ukweli wa nyumba kuliko mwenye kulala ndani. Kwa kuwa uenyeji hujengwa na watu, waweza kujengwa vibaya, na waweza kujengwa upya. Huo ndio ujumbe wa matumaini niuonao katika maisha ya Siti. Utu hauombwi kwa mtu, lakini uenyeji hujengwa, na sisi sote tu katika mafundi wake.

Naona kuwa Siti mwenyewe alilijua jambo hili, na wimbo wake wa Kijiti ni ushahidi. Wimbo huo wahusu kisa cha kweli cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea, akauawa, na mwuaji akatoroka kwenda bara. Aliyeuawa alikuwa mgeni, mwanamke, na hakuwa mtu wa cheo. Mtu wa aina hiyo husahauliwa upesi. Siti aliyaingiza mambo yake katika wimbo, na watu wakayaimba. Hakusema kuwa marehemu alistahili kukumbukwa kwa sababu ya kipaji au nasaba. Alimhesabu tu miongoni mwa watu. Mwimbaji aliyeulizwa aliingia lini katika hesabu, alipopata kalamu ya kuhesabia, aliitumia kwa ajili ya mwingine. Naliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko safari ya Bombay.

Usidhani kuwa mambo haya yalizikwa pamoja na watu wa zamani wa Unguja. Hapa kwetu Kenya walikuwako Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji katika enzi ya ukoloni kuja pwani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa Kwale, wakazika wafu wao Kwale, wakasema Kiswahili kama jirani zao. Lakini hawakuwa na kitambulisho cha taifa, na asiye na kitambulisho hufungiwa milango ya kazi, ya benki na ya kupiga kura. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2016 walifunga safari ya kuandamana kutoka Kwale hata Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza waandikishwe. Mwaka wa 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mmakonde wa Kwale alikuwa yule yule siku moja kabla ya tangazo na siku moja baada yake. Udongo chini ya miguu yake haukubadilika. Kilichobadilika ni daftari la serikali, na daftari lile lilibadilika kwa sababu watu walitembea.

Linganisha habari hizi mbili, uone tofauti yao. Siti alivuka peke yake, kwa kipaji chake, na tukamsifu yeye. Wamakonde walivuka pamoja, wenye vipaji na wasio na vipaji, wachongaji hodari na watu wa kawaida, wakidai kilicho chao kwa kuwa wanaishi hapa. Habari ya kwanza hutufurahisha zaidi tukiisoma, kwani ina shujaa mmoja na sauti tamu. Habari ya pili ndiyo itufundishayo haki.

Basi, msomaji, utakapokisoma tena kitabu cha Shaaban Robert, kisome kwa upendo lakini kwa macho mawili. Kwa jicho moja mtazame mwanamke huyu na juhudi yake, maana juhudi ni jambo la kweli na mwandishi hakukosea kuisifu. Kwa jicho la pili watazame waliomzunguka: aliyempa jina la kwanza, aliyempa jina la pili, aliyemfundisha, aliyemkebehi, na wale waliobaki Fumba na vyungu vyao. Hapo utaona kuwa wasifu wa mtu mmoja ni wasifu wa mji mzima.

Kisha litazame darasa lako. Labda muhula huu ameingia mwanafunzi mgeni, mwenye lafudhi ya mbali, ambaye wenzake humwita kwa jina la kwao badala ya jina lake. Pengine ni hodari wa mpira au wa hesabu, na kabla ya muhula kwisha mtakuwa mmempenda kwa goli alilolifunga. Hayo ni mema. Lakini huenda hana goli wala hesabu, na hukaa peke yake kwenye benchi la mwisho akingoja kengele. Wewe umekaa upande ambao kwake yeye ni ng'ambo, nawe unayo kalamu ya kuhesabia. Usimwulize ameweza nini. Mwulize jina lake, umsogezee nafasi aketi.